Butembo na Beni si makaburi tu

Tangu waasi wa M23 wateke Goma mwezi Januari 2025, uongozi wa jimbo la Kivu Kaskazini umehamia Beni, na wageni wamefuata. Wengi wanashuka uwanja wa ndege wa Mavivi, wanaingia kwenye gari lenye bendera ya shirika, wanalala hotelini siku chache, kisha wanarudi na kuandika. Watakachoandika kinajulikana mapema: ADF, mauaji, Ebola.

Si uongo. Wakaaji wa Beni wanazika ndugu zao tangu Oktoba 2014, na Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo hili na Ituri.

Lakini barabara ya kilomita 54 hivi kati ya Beni na Butembo ina mengine. Beni kuna joto na kakao imeanikwa juani. Ukipanda Butembo, kwenye vilima vya zaidi ya mita 1,700, unatafuta koti. Mji huo umejengwa na wafanyabiashara kuliko serikali. Bidhaa za Dubai na Guangzhou zinafika huko kupitia mpaka wa Kasindi, na chukudu bado zinateremka na mizigo. Tangu 1989 kuna chuo kikuu, Université Catholique du Graben. Mgeni asiyeuliza hata bei ya kilo ya kakao atayaonea wapi hayo?

Picha ya mgeni inasomwa pia Kinshasa, na ina gharama. Desemba 2018 tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, wakati rais alikuwa ameshaapishwa Januari. Masoko na makanisa yalikuwa yanajaa kila wiki. Raia wa Beni walijibu kwa kupanga mistari na kupiga kura yao ya mfano tarehe 30 Desemba.

Albania, nchi ndogo ya Balkani huko Ulaya, nayo ilijulikana kwa woga tu. Utawala wa Enver Hoxha uliifunga na kujaza mahandaki ya zege kila mahali. Leo baadhi ni makumbusho, wenyeji wa Tirana wanaeleza wenyewe yaliyowapata, na mwaka 2023 wageni walipita milioni 10. Ni kweli, Albania ina amani. Hakuna wa kumwalika mtalii Oicha leo. Ila hata vitani mwenyeji ana mdomo.

Basi mgeni ajaye, akishawauliza wenyeji saa nzuri ya kusafiri, apande hadi Butembo akae siku nzima sokoni. Akirudi Beni amuulize mama mwenye kakao kwa nini shamba lake la mbali halikuvunwa. ADF itatajwa tena, lakini safari hii na mwenye shamba.