Tuhakiki Katuni kwa Masikio Pia

Uhakiki wa katuni unaoandikwa kwetu una mambo matatu: muhtasari wa kisa, sifa za michoro, na maisha ya mchoraji, hasa kama amekwisha kuchapishwa Paris au Brussels. Jambo la nne halimo. Hakuna anayeuliza wahusika wanasema lugha gani, nani aliwachagulia lugha hiyo, na kama kuna mtu wa kweli anayeweza kuitamka. Kwa kitivo cha lugha huu ni upungufu mkubwa, kwa sababu jambo hilo la nne ndilo kazi yetu. Hoja yangu ni kwamba katuni, zile ambazo mjini tunaziita bede, ni mojawapo ya mahali pachache ambapo Kiswahili chetu kinaweza kuandikwa kama kinavyosemwa. Tukiendelea kuzitazama kama picha tu, nafasi hiyo itatupita.

Tuchukue kitabu kinachojulikana. Madame Livingstone, kilichochorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, kwa kushirikiana na Christophe Cassiau-Haurie, kilitolewa na Glénat mwaka 2014. Kisa kinatokea kwenye ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Rubani Mbelgiji, Gaston Mercier, ametumwa kuisaka meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza ni Mkongo anayevaa sketi ya Kiskoti na anayesemekana kuwa mtoto wa Livingstone. Meli yenyewe ilikuwapo kweli: Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Michoro ya Baruti inastahili sifa zote ilizopewa.

Lakini ziwa lile lina lugha. Mtu wa Kalemie na mtu wa Kigoma wanaelewana kwa Kiswahili, na askari Waafrika wa upande wa Wajerumani walizungumza Kiswahili na maofisa wao. Kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa. Silaumu hilo, maana mchapishaji wa Ufaransa huchapa kwa ajili ya wasomaji wake, na mchoraji naye lazima ale. Hata hivyo mhakiki aliyesomea lugha angetusaidia kuuliza: huyu mwongozaji akimpa Mzungu kisogo na kusema na watu wa pwani ya ziwa, msomaji atajuaje kwamba lugha imebadilika? Je, Kifaransa chake kinabadilika pia, au wote wanasema kama kitabu cha shule? Juu ya ukoloni ndani ya kitabu hiki nimesoma mengi. Juu ya swali hili sijakuta hata aya moja.

Wenzetu wa Kinshasa walianza zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 gazeti la Jeunes pour Jeunes liliwapa wahusika wake, kama yule polisi Apolosa, Hindubill, maneno ya vijana yaliyochanganya Kifaransa na Lingala. Leo anayetaka kujua vijana wa wakati ule waliongea namna gani atafaidika kuzifungua kurasa hizo. Kisha mwaka 1990 akaja Papa Mfumu'eto na kisa chake cha nyoka mkubwa aliyemeza mwanamke katikati ya Kinshasa. Alitunga, akachora na kuviuza vijitabu vyake kwa Lingala ya mtaani, juu ya karatasi duni, na watu wakavigombea. Sehemu ya kazi zake leo imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Tulichokiona kama karatasi ya kufungia karanga, wengine wamekijengea rafu.

Na upande wetu wa Kiswahili? Lubumbashi haikukosa watu wa kusimulia kwa picha. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii katika picha zaidi ya mia moja, akamweleza Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili. Zipange zile picha kwa mfuatano, uandike maneno yake pembeni, kisha niambie kimepungua nini ili iwe bede. Tena kabla ya hapo, mwaka 1965, André Yav alikuwa ameandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha wafanyakazi, bila kufuata kanuni za tahajia ya shule. Ili maandishi hayo yaeleweke, ilibidi msemaji wa lugha, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti. Hapo ndipo maneno yalipoachana na maana ikatokea. Kwangu hilo ni fundisho kuu juu ya Kiswahili chetu kilichoandikwa: kinaanzia sikioni na kinataka kurudi sikioni. Kiputo cha maneno ndani ya katuni kinafanya kazi hiyohiyo.

Tuone basi mchoraji wa hapa anavyohangaika. Anamchora mama muuza makala akilalamika juu ya wadeni wake. Akifuata Kiswahili bora ataandika: «Wale watu hulipa kesho.» Akifuata sikio lake ataandika: «Bale bantu banalipaka kesho.» Sentensi ya pili si ya kwanza iliyokosewa. Kile -ka cha mwisho kina kazi yake, kinaonyesha mazoea, kazi ambayo Kiswahili bora kimempa hu-. Ile ba- nayo imewekwa sawasawa kwenye kila neno linalopatana na watu. Lakini mchoraji bado ana maswali. Aandike banalipaka kwa neno moja au kwa mawili? Mu soko au musoko? Kwenye ukurasa wa tatu anaandika hivi, kwenye ukurasa wa kumi anaandika vile, na hakuna wa kumuuliza. Sisi tunaojifunza mofolojia miaka mizima tuko upande wa pili wa barabara, tunahakiki rangi za jalada.

Kuna pia sauti za vitu. Lugha za Kibantu ni tajiri wa tanakali: kitu kinatumbukia majini chubwi, mzigo unaanguka pu, usiku ni mweusi tititi, nyumba iko kimya jii. Nyingine zinaiga sauti, nyingine zinaonyesha rangi au hata ukimya wenyewe. Ni malighafi ambayo mchoraji wa Ulaya angeitamani. Hata hivyo mara ngapi nimefungua katuni ya kwetu, mhusika anaongea Kiswahili au Lingala vizuri kabisa, halafu anateleza na kuanguka kwa Kifaransa: PAF! Mlango nao unavunjika kwa Kifaransa: CRAC! Mhakiki akilisema jambo hili mara mbili, tatu, nadhani mchoraji atalisikia, kwa sababu halimgharimu hata senti.

Kwenye habari za biashara ya katuni tuna kilema kilekile. Pat Masioni, aliyechora Rwanda 1994, alipopewa kuchora sehemu ya Unknown Soldier kwa kampuni ya Vertigo ya Marekani, tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini habari za namna hiyo hutueleza nani ameondoka. Tusahau kidogo nani kaalikwa Angoulême, tutazame jirani. Mwaka 1996 Sasa Sema ya Nairobi ilitoa Abunuwasi ya Gado kwa Kiswahili. Tangu 2010 Shujaaz inawafikia vijana wa Kenya kwa Sheng, na mwaka 2012 ikapata tuzo ya Emmy ya kimataifa. Hizo ni habari za lugha kabla ya kuwa habari za wachoraji, nasi wa Kiswahili cha Kongo zinatuhusu kuliko za Ufaransa.

Wakubwa wengine watanijibu kwamba katuni ni mambo ya watoto. Hilo sitalipotezea nafasi. Pingamizi zito ni jingine: nchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiswahili bora kimekuwa mlango wa kazi na biashara, na wanafunzi wetu wengi bado hawakimudu. Je, huu ni wakati wa kuandika banalipaka? Nalichukua swali hili kwa uzito wake. Anayejua Kiswahili cha sokoni peke yake atafungiwa mlango Dodoma, na mimi sitaki hilo.

Lakini tazameni jinsi ukurasa wa katuni ulivyojengwa. Juu kuna kisanduku cha msimulizi, chini kuna viputo vya wanaosema. Kisanduku kinaweza kusema Kiswahili bora safi, na kiputo kikasema kama mama wa makala. Kwenye ukurasa mmoja msomaji anaziona lugha zote mbili, anajua ipi ni ya wapi, wala hakuna inayoitwa kosa. Ni sharti lakini msimulizi akijue Kiswahili bora kwelikweli, na hapo wenye pingamizi wananisaidia: mchoraji mwenye lugha moja tu hawezi kuijenga nyumba hii.

Naomba mambo mawili basi. La kwanza, jarida hili litenge kurasa mbili kila toleo kwa katuni moja, na mhakiki asianze kuandika kabla hajaisoma kwa sauti pamoja na mwenzake, kila mmoja na wahusika wake. Penye kiputo ambacho ulimi unagoma, hapo pana jambo la kuandika. La pili, nawaomba waalimu wetu wakubali katuni kuwa data halali ya kazi za mwisho wa masomo, na maktaba ya kitivo itenge sanduku moja la kuhifadhi vijitabu vinavyouzwa mjini kabla havijafungiwa karanga. Mwanafunzi atakayesoma hapa miaka thelathini ijayo asilazimike kwenda Florida kutafuta maneno ya bibi yake.