Kabla hujanunua hedifoni nyingine, baba!

Mwezi huu sileti ya jirani, naanika ya kwangu mwenyewe. Najua mtacheka, lakini ukiangalia vizuri hata ya kwako haiko mbali.

Mume wangu ni mchapakazi, sina la kumlaumu. Starehe yake ni moja tu: gemu. Ana laptopu yake ile nzito ya kuchezea gemu, yenye taa za rangi kwenye kibodi na feni inayovuma kama mashine ya kusaga. Kila Ijumaa usiku anavaa hedifoni, anacheza mpira na mdogo wake aliyeko Mwanza huku wakipiga stori. Mimi sikuwa na neno. Bora gemu sebuleni kuliko baa Msamvu, au siyo?

Mambo yalianza kuharibika masika yaliyopita. Mnaoijua Morogoro, mji kasoro bahari, mnajua wingu likishuka kutoka Uluguru jioni, mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani. Mwenzangu akaanza kulalamika kwamba hedifoni zimekufa: mara zinakoroma, mara sauti ya mdogo wake inatoka kama yuko ndani ya pipa. Ili asikie, akapandisha sauti. Mvua ikianza, akapandisha tena. Nikimwita kula, kimya. Ikafika mahali hata akiwa amezivua, namwambia jambo ananijibu, "Unasemaje?" Nikajua ananidharau. Jamani, tulinuniana siku tatu!

Siku ya nne akaja na suluhisho lake: hedifoni mpya, shilingi 450,000. Zitoke wapi? Kwenye hela ya mabati ya kibanda chetu cha Mkundi! Hapo niliwaka. Tumepanga Kihonda miaka minne, tunajinyima hadi soda, halafu hela ya bati iende masikioni?

Baada ya kuwaka nikapoa. Nikamwambia, "Baba, nipe Jumamosi moja. Tukishindwa, nunua." Tukamwita kijana wa jirani, fundi kompyuta. Wala hakufungua kitu. Alichomeka zile hedifoni kwenye simu yangu, akaweka wimbo tunaoujua wote: gitaa la Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979. Mkwaruzo wa rekodi ya zamani ulikuwepo, lakini ule mkoromo hakuna. "Dada, hizi nzima. Mgonjwa yuko huku," akasema, akiigonga laptopu.

Sasa chukua kalamu.

La kwanza, mkoromo. Kijana alichomoa chaja, laptopu ikabaki na betri. Mkoromo ukakata pale pale! Kumbe chaja ina pini tatu, lakini mwenzangu alikuwa ameibana kwenye adapta ya pini mbili, kwa hiyo waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa haufanyi kazi. Umeme huo ukaingia kwenye sauti. Tukahamia kwenye soketi ya pini tatu yenye ethi, ukapungua sana. Mchirizo uliobaki ulitoka ndani ya laptopu yenyewe, kwa sababu tundu la hedifoni liko jirani na vifaa vinavyokula umeme mwingi gemu likikolea. Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti inayochomekwa kwenye USB. Tuliipata mjini kwa shilingi 20,000.

La pili, sauti ya pipa. Hedifoni zake zinatumia waya na Bluetooth pia, na akichoka na waya anahamia huko. Sasa hedifoni nyingi za Bluetooth ukizitumia kusikiliza na kuongea kwa wakati mmoja, zinaacha sauti ya muziki na kushuka kwenye sauti ya simu: nyembamba, haina kushoto wala kulia. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, hedifoni ziachie kazi ya kusikiliza tu, halafu chagua maiki ya laptopu. Ukishindwa, rudi kwenye waya.

La tatu, madoido. Laptopu ya gemu huja na programu ya kuongeza besi na mwangwi, Windows ina ya kwake, na gemu nalo lina ya kwake. Vikiwashwa vyote sauti inakuwa uji. Zima vyote, kisha washa kimoja kimoja usikilize. Sisi tulibakiza kimoja.

Usiku ule sauti ilikuwa safi kwenye hamsini. Nikamuuliza, "Kwani mwanzo ulikuwa unaweka ngapi?" Akasema, "Mia."

Hapo niliogopa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Ijumaa moja ya gemu inazimaliza! Nikamwambia. Akanyamaza, halafu akatoa alichokuwa ananificha: sikio la kushoto linalia nziii kila usiku, miezi miwili. Ile "unasemaje?" haikuwa dharau. Alikuwa hanisikii, na aliona aibu kusema.

Wapendwa, nilijisikia vibaya. Siku tatu nimemnunia mtu kumbe anaumwa. Jumatatu tulikwenda hospitali, akapimwa. Mlio umepungua lakini haujaisha, na daktari alitueleza kwamba chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Sasa Ijumaa anacheza kwenye hamsini, kila saa anazivua anapumzika, na mvua ikizidi anazima.

Kwa hiyo dada, mwenzako akikwambia "unasemaje?" kila siku, kabla hujanuna muulize masikio yake. Na wewe kaka, kabla hujagusa hela ya mabati, chomoa chaja kwanza. Sisi ya kwetu ipo salama, imepungua 20,000 tu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.