Mieleka Nayo Ipewe Uwanja

Mtu akitamka neno michezo hapa nchini, masikio ya wengi husikia kandanda. Hatuna ugomvi na kandanda, na sisi pia ni katika hao wanaopaza sauti timu zetu zinapoingia uwanjani. Lakini iko michezo mingine ambayo watu wetu wameicheza tangu zama za mababu, isiyodai gharama kubwa, na ambayo imeachwa ijilee yenyewe kama mtoto yatima. Leo tunapenda kuusemea mmoja wao, nao ni mieleka ya ridhaa.

Tunaandika haya tukiwa Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mbali sana na mawimbi ya bahari. Hata hivyo maneno yetu tunayaelekeza kwa ndugu zetu wa Visiwani sawasawa na tunavyoyaelekeza kwa viongozi wa Serikali. Jambo lenyewe ni la pande zote mbili za Jamhuri yetu, na kama tutakavyoonyesha, ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamekwisha kupiga hatua ambayo sisi wa bara hatujaipiga.

Apitaye mitaa ya kwetu nyakati za jioni, mifugo inaporudishwa na jua likiwa limepoa, hakosi kuwaona vijana wawili wameshikana viunoni, wenzao wamewazunguka. Hakuna aliyewafundisha. Mchanga ndio jamvi lao, duara la watazamaji ndiyo mipaka yao, na sheria yao ni moja tu: ambaye mgongo wake umegusa ardhi, huyo amepigwa mweleka na hana budi kumpisha mwingine. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na Mkoa wa Rukwa, ni mkoa wa watu wengi: Wakonongo, Wapimbwe, Wabende, Wafipa, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na wale waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapokelewa Katumba na Mishamo, na wengi wao baadaye wakapewa uraia. Katika duara lile la mchanga mtoto hamuulizi mwenzake kabila lake wala alikotoka baba yake. Humuuliza kama yuko tayari. Je, ni mikutano mingapi ya kuhimiza umoja inayoweza kujivunia matokeo kama hayo?

Kwanza hatuna budi kuondoa dhana moja potofu. Siku hizi, mtoto akiulizwa maana ya mieleka, atawataja majabali wa Kimarekani awaonao kwenye televisheni, wanaorushiana viti na kutukanana mbele ya kamera. Ule si mieleka ya mashindano. Ni maonyesho, kama tamthilia, na mshindi hupangwa kabla ya mapambano kuanza. Si sisi tunaosema hivyo. Mwaka 1989 wenye biashara ile wenyewe walilieleza bunge la jimbo la New Jersey kwamba kazi yao ni burudani wala si ushindani wa kweli. Hatumkatazi mtu kuburudika. Tunachohofia ni kijana wetu kudhani kwamba kumdondosha mwenziwe kwa kichwa kutoka juu ya meza ndiyo mieleka, kisha akaenda kujaribu hivyo nyuma ya shule.

Mieleka ya ridhaa ina taratibu zake. Pambano la watu wazima ni vipindi viwili vya dakika 3, na mapumziko ya sekunde 30 kati yake. Duara lina upana wa mita 9. Anayemwangusha mwenziwe na kumdhibiti hupata pointi 2. Anayemtupa kwa mrusho mkubwa hupata 4 au hata 5. Na anayembana mabega yote mawili chini hushinda papo hapo, hata kama alikuwa nyuma kwa pointi. Kupiga ngumi, kukaba koo, kuuma na kupinda vidole ni marufuku. Katika mtindo huru, ruhusa ipo ya kushika miguu na kupiga mtama. Katika mtindo wa Kigiriki na Kirumi, mkono haushuki chini ya kiuno. Tena kila mtu hupambana na wa uzito wake. Katika Michezo ya Olimpiki wanaume wa mtindo huru hugawanywa kuanzia kilo 57 hadi kilo 125, na wanawake kuanzia kilo 50 hadi kilo 76. Hapo ndipo tunapouona uungwana wa mchezo huu. Kijana mfupi na mwembamba, ambaye timu ya mpira wa kikapu haimtazami mara mbili, katika mieleka ana nafasi yake iliyoandikwa, na ubingwa wake ni ubingwa kamili.

Jambo la pili linalotuvuta sisi mashabiki ni kwamba mpiga mieleka hana pa kujificha. Katika kandanda, aliyefungwa atamlaumu kipa, kipa atamlaumu beki, na wote kwa pamoja watamlaumu mwamuzi. Katika mieleka wako wawili tu. Ukiangushwa, umeangushwa wewe. Kisha utainuka, utapeana mkono na aliyekuangusha, nawe utasimama kando ya mwamuzi ukitazama mkono wa mwenzako ukiinuliwa juu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni wapi tena ambapo kijana wa miaka 14 hufundishwa methali hiyo kwa mwili wake mwenyewe, mara tatu kwa siku moja ya mashindano?

Mafundisho hayo si mageni katika dini zetu wala katika vitabu vyetu. Waislamu wanazo simulizi za Rukana, shujaa wa Kikureshi aliyejulikana kwa nguvu zake, ambaye Mtume alishindana naye mieleka na kumbwaga. Wanayo pia hadithi mashuhuri inayofundisha kwamba mwenye nguvu hasa ni yule aizuiaye nafsi yake anapokasirika, kuliko yule awaangushaye watu. Wakristo nao husoma katika kitabu cha Mwanzo jinsi Yakobo alivyoshindana mweleka usiku kucha hata alfajiri, akatoka mwenye jina jipya na mwenye kuchechemea. Na wale waliosoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Chinua Achebe, watakumbuka kwamba sifa ya Okonkwo ilianzia katika uwanja wa mieleka, alipombwaga Amalinze aliyeitwa Paka kwa kuwa mgongo wake haukupata kugusa ardhi. Watakumbuka vilevile jinsi alivyokwisha mtu huyo, aliyeweza kumshinda kila mtu isipokuwa hasira yake. Kumbe nguvu bila nidhamu ni hasara, na mchezo huu ukifundishwa vizuri hujenga vyote viwili.

Tukitazama ulimwenguni, mieleka ni miongoni mwa michezo mikongwe kuliko yote. Wagiriki waliiingiza katika Olimpiki yao mwaka 708 kabla ya Kristo, na Olimpiki ya kisasa imekuwa nayo tangu mwaka 1896, isipokuwa mwaka 1900 tu. Wanawake waliingia Athens mwaka 2004. Hata hivyo ukongwe haukuwa kinga. Februari 2013 wakuu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walipendekeza mieleka iondolewe kuanzia michezo ya mwaka 2020. Wenye mchezo hawakukaa wakilia. Walibadili uongozi wao, wakarekebisha kanuni zilizokuwa zikiwachosha watazamaji, wakaongeza nafasi za wanawake, na Septemba mwaka huohuo, huko Buenos Aires, mchezo wao ukarudishwa. Tunalitaja jambo hili ili tusidhani kwamba kila kitu kitaletwa na Serikali. Mchezo usiotengenezwa na wenyewe hautatengenezwa na mtu mwingine.

Afrika nayo haiko nyuma. Waganda wana ekigwo yao. Huko Sudani Kusini, Wamundari na Wadinka hukutana Juba kushindana mieleka mbele ya halaiki ya watu, jamii ambazo mara nyingi zimewahi kukutana kwa bunduki. Senegal ilifungua uwanja wa taifa wa mieleka huko Pikine mwaka 2018. Blessing Oborududu wa Nigeria alitwaa medali ya fedha katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akawa wa kwanza kuipatia nchi yake medali ya Olimpiki katika mieleka. Sisi Watanzania tunazo medali mbili za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow mwaka 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Zote mbili zilitokana na riadha. Katika ngumi, Michael Yombayomba alitupatia dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur mwaka 1998. Hazina hizi ni za heshima kubwa, lakini ni za zamani, na nchi haiwezi kula sifa za jana milele.

Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu wa Visiwani. Miaka ya 1990 mwalimu wa Kijapani, Tsuyoshi Shimaoka, alianza kufundisha judo Unguja. Judo ni ndugu wa damu wa mieleka. Tofauti kubwa ni lile vazi linaloshikwa. Vijana walijifunza, wakavaa mikanda, wakasafiri. Mchezo ambao zamani haukujulikana kabisa ukapata mizizi nchini, na Tanzania ikampeleka mwanajudo Andrew Thomas Mlugu katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016 na ya Paris mwaka 2024. Kwa hiyo hakuna atakayetuambia kwamba mchezo wa kuangushana hauwezi kustawi katika nchi hii. Umekwisha kustawi, na mbegu yake ilipandwa na mwalimu mmoja mwenye subira.

Tena Visiwani wana kitu ambacho mataifa tajiri hukitafuta kwa fedha. Siku hizi kuna mashindano ya kimataifa ya mieleka ya ufukweni. Duara ni la mita 7, mchangani. Pambano ni la dakika 3. Washindani hupambana wakiwa wima tu, na anayetangulia kufikisha pointi 3 ndiye mshindi. Hakuna jamvi la sponji la kuagiza ng'ambo wala viatu maalumu. Ni nani aliye na mchanga kuliko Nungwi, Makunduchi na Pemba? Watu wa Makunduchi, ambao kila mwaka katika Mwaka Kogwa hupigana kwa magogo ya migomba kisha wakasameheana na kula pamoja, hawahitaji kufundishwa maana ya shindano lisiloacha chuki. Nasi wa Katavi tunao ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kule Karema na Ikola. Hatuoni sababu ya kijana wa Pemba na kijana wa Karema kutokutana siku moja katika duara hilo.

Wako watakaosema kwamba mchezo huu ni wa hatari na utawafundisha watoto ugomvi. Hatulipuuzi neno lao. Shingo inaweza kuumia, masikio huvimba kwa kusuguliwa, na choa huambukizana upesi mahali ambapo jamvi halisafishwi. Tena kuna balaa ya kujikondesha ili kuingia uzito wa chini: mwaka 1997 wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda usiozidi wiki sita kwa kujinyima maji na kujitoa jasho, hata kanuni zikabadilishwa. Lakini hatari hizi zote huzidi pale mchezo unapochezwa bila mwalimu. Vijana wa Misunkumilo wanaangushana leo, na kesho wataangushana, tutake tusitake. Swali lililo mbele ya wakubwa ni kama wataangushana mbele ya mtu anayejua namna ya kuanguka, au wataendelea kujifunza kutoka katika vibanda vya video.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwaomba wahusika. Kwanza, maafisa michezo wa halmashauri waingize mieleka katika mashindano ya kata, hata kama ni kwa duara la mchanga na kipimo cha uzito cha kuazima katika zahanati. Pili, wakuu wa elimu wafikirie kuupa nafasi katika UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa wavulana na kwa wasichana, wasichana wakiwa na walimu wao wa kike na mavazi ya staha, ili wazazi wa bara na wa Visiwani waridhike. Tatu, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiandae walimu wa mchezo huu, nao walimu wa judo wa Zanzibar waalikwe kutufundisha sisi wa bara, kwani aliyetangulia njiani ndiye ajuaye mashimo. Nne, Baraza la Michezo la Taifa na Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar wakae meza moja mapema. Katika kandanda tumezoea kuwa na timu mbili, lakini katika Olimpiki bendera ni moja. Ni afadhali mchezo mchanga ulelewe pamoja tangu utotoni kuliko kuja kugombewa ukishakua.

Hatuombi viwanja vya mabilioni. Mchanga upo, vijana wapo, na moyo wa kushindana wanao tayari. Kinachokosekana ni mwalimu, mwamuzi na ratiba. Samaki mkunje angali mbichi. Tunatumaini kwamba bajeti ya michezo itakapojadiliwa, Dodoma na vilevile Unguja, yuko mheshimiwa atakayesimama na kuuliza: na mieleka je?