Safu ya Watano Ipimwe kwa Maungio Yake

Wako watu watano katika kandanda ya Kimarekani ambao huweza kuitumikia timu miaka kumi na kustaafu kwa heshima, pasi na mtazamaji wa kawaida kukumbuka hata siku moja aliyowaona na mpira mkononi. Mmoja husimama katikati na kuurudisha mpira nyuma kupitia miguuni mwake ili mchezo uanze. Wawili humkaa ubavuni, kulia na kushoto. Na wawili hushika pembe za nje. Aghalabu uzito wa kila mmoja hupindukia kilo 135, na kazi yao ni moja yenye nyuso mbili: kumfungulia njia mwenzao akimbiaye na mpira, na kumkinga mrushaji kwa muda mfupi anaouhitaji ili amwone wa kumpasia. Kwa kuwa wao hawarushi wala hawafungi, wahukumuo mchezo wamezoea kuwapima kwa hesabu nyepesi, nayo ni idadi ya mara ambazo mrushaji wao ameangushwa mpira ungali mikononi mwake. Mizani hiyo naiona ina kasoro kubwa, na ninaamini kwamba safu ya watano haipimwi kwa insafu mpaka itazamwe katika maungio yake, yaani pale bega la mmoja linapokutana na bega la jirani yake.

Kasoro hiyo ilidhihirika usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 8 Februari 2021, ambapo sisi wa Afrika Mashariki tuliokesha mbele ya runinga tulianza kuitazama fainali ya Super Bowl saa nane na nusu za usiku. Kansas City Chiefs, waliokuwa mabingwa watetezi, waliingia uwanjani Tampa bila ya walinzi wao wawili wa pembeni: Eric Fisher alikuwa amekatika mshipa wa kisigino katika mechi iliyotangulia, na Mitchell Schwartz alikuwa akiuguza mgongo. Ili kuziba mapengo hayo, Mike Remmers alihamishwa kutoka pembe ya kulia hadi ya kushoto, na Andrew Wylie akatolewa ubavuni akapelekwa pembeni. Chiefs walishindwa na Tampa Bay Buccaneers kwa 31 dhidi ya 9. Asomaye jedwali ataona kwamba mrushaji wao, Patrick Mahomes, aliangushwa mara 3 tu, idadi ambayo timu nyingi huipata na bado zikashinda. Lakini waliohesabu kila mara aliyovamiwa akanyimwa utulivu walipata mara 29, hesabu ambayo ilikuwa haijapata kuonekana katika fainali hiyo. Katika robo ya mwisho nilimwona akirudi nyuma, akizunguka huku na huko, kisha, akiwa anaangushwa na mwili wake umelala hewani sambamba na majani, akarusha mpira ambao ulisafiri mpaka mwisho wa uwanja, ukamgonga mwenziwe usoni na kuanguka chini. Jedwali liliandika kwamba pasi haikufika, na taksiri ikabaki kwenye jina la mrushaji, ilhali waliovunjika mbele yake hawakuandikiwa neno.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na viongozi wa Kansas City walikubali kuujenga. Mwaka huohuo walimsajili Joe Thuney kutoka New England, wakampata Orlando Brown kutoka Baltimore, na katika uteuzi wa vijana wakawachagua Creed Humphrey na Trey Smith, ambaye alikuwa wa 226 kuitwa. Tarehe 12 Februari 2023, katika fainali ya Super Bowl mjini Glendale, walikabiliwa na Philadelphia Eagles, ambao katika msimu wa kawaida walikuwa wamewaangusha warushaji mara 70. Usiku ule hawakumwangusha Mahomes hata mara moja, ingawa alikuwa akichechemea kwa maumivu ya kifundo cha mguu, na Chiefs walishinda kwa 38 dhidi ya 35. Nani alisimama pembe ya kulia? Alikuwa Andrew Wylie yuleyule. Mtu hakubadilishwa, alizoeshwa mahali pake kwa msimu mzima, na majirani zake wakawa wengine.

Hapo ndipo jicho la mpimaji linapopaswa kukaa. Wavamizi wawili huweza kuanza sambamba, kisha wakapishana ghafla, wa nje akakata kuingia ndani na wa ndani akazunguka kutoka nje, kwa matumaini kwamba walinzi wawili watamfuata mmoja na kumwacha wa pili apite. Safu iliyo njema hujulikana katika nukta hiyo: mlinzi humsukuma mvamizi wake mpaka mikononi mwa jirani, humwachia bila ya kugeuza kichwa, na humpokea anayekuja, kama mafundi wapokezanao tofali juu ya jukwaa. Shirika la ESPN limetunga kipimo cha kuangalia kama mlinzi amemzuia mpinzani wake kwa sekunde 2.5, nacho ni bora kuliko hesabu ya maanguko, kwani humwondolea mlinzi lawama ya mrushaji aliyeng'ang'ania mpira. Hata hivyo, kumpima mmoja mmoja hakutoshi kueleza namna wawili wanavyopokezana.

Wala ubora wa mtu mmoja haufidii upungufu wa wanne. Joe Thomas wa Cleveland Browns, aliyeshika pembe ya kushoto kuanzia mwaka 2007, alikuwapo uwanjani mara 10,363 mfululizo mpira ulipoanzishwa bila ya kutoka hata mara moja, na mwaka 2023 akaingizwa katika Jumba la Mashuhuri. Lakini katika maisha yake yote ya uchezaji hakupata kucheza hata mechi moja ya mchujo.

Funzo hili Kansas City wenyewe waliliona tena tarehe 9 Februari 2025, walipokutana na Eagles kwa mara nyingine katika fainali mjini New Orleans. Kwa kukosa mlinzi wa kutegemewa wa pembe ya kushoto, walikuwa wamemtoa Thuney ubavuni, mahali alipokuwa miongoni mwa walio bora wa ligi nzima, wakampeleka nje, na nafasi yake wakampa Mike Caliendo. Kwa maoni yangu, kuhamishwa kwa mtu mmoja kulilegeza maungio mawili kwa pamoja. Eagles hawakuhitaji kutuma mvamizi wa ziada hata mara moja. Wanne wao wa kawaida walitosha, Mahomes akaangushwa mara 6, na Chiefs wakashindwa kwa 40 dhidi ya 22. Kesho yake lawama zilimwelemea mrushaji, kana kwamba alikuwa amesimama peke yake uwanjani.

Nawasihi wanaoandika na kutangaza mchezo huu kwa Kiswahili, ambao wasikilizaji wao wanazidi kuongezeka, wasianze kumhukumu mrushaji kabla ya kuwataja watano waliomkinga, na kueleza ni nani kati yao aliyecheza mahali pasipo pake. Aliyemlaumu Wylie mwaka 2021 na akamsifu mwaka 2023 hakuwa amemtazama mara zote mbili, maana hakuuliza ni nani waliokuwa wamesimama ubavuni mwake.