Riwaya katika nyumba ya Muislamu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Ahli zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, hivi karibuni kamati ya msikiti wetu ililetewa boksi la vitabu kwa ajili ya maktaba ndogo ya madrasa. Vya dini na vya shule vilipokelewa bila ya mjadala. Mjadala ulizuka juu ya riwaya. Wazee wawili walitaka zirudishwe, wakisema kuwa hadithi za kubuni ni uongo, na uongo hauna rafu msikitini. Ustadhati wetu wa madrasa akajibu kuwa vijana wanasoma visa kila usiku katika simu zao, na hakuna mkubwa anayevichuja. Kikao kikanitaka, nikiwa katibu, nizisome kisha nilete rai. Nikachagua nne za aina mbalimbali, nikazisoma kwa mwezi mmoja baada ya swala ya Isha.

Hoja ya uongo ni nzito, nayo inachochewa na lugha yetu wenyewe, kwani Kiswahili hutumia neno moja, hadithi, kwa maneno ya Mtume (SAW) na kwa ngano za bibi. Tuvitenganishe. Kumzulia Mtume (SAW) ni haramu kubwa, hata kwa nia ya kufundisha wema. Ama mwandishi wa riwaya, hamdanganyi mtu. Yeye na msomaji wote wanajua kuwa huo ni mfano. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, aliikabili hoja hii katika utangulizi wa Maqamat zake. Alikumbusha kuwa wasimulizi wa visa vya wanyama hawakulaumiwa, na kwamba amali hupimwa kwa nia. Wapo wanavyuoni walioona ni bora kujiepusha, na rai yao ina heshima yake. Lakini Kalila wa Dimna, aliyoifasiri Ibn al-Muqaffa' kwa Kiarabu katika karne ya 8, imesomwa na Waislamu kizazi baada ya kizazi.

Nilianza na riwaya ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Maiti inakutwa penye mzimu, na wapo walio tayari kuwatwika mashetani dhambi ya mwanadamu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Anauliza, anachunguza, anasubiri mpaka ushahidi useme. Surat Al-Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Katika nchi ambamo ajuza ameweza kuuawa kwa sababu tu ya tuhuma za uchawi, kijana aliyezoea kuuliza kama Bwana Msa ni hazina kwa jamaa zake.

Ya pili ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, kisa cha majini na maajabu chenye asili katika Alfu Lela U Lela. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtosa baharini ndugu yao aliyewatendea wema, nao wanageuzwa manyani. Mtoto aliyesikia kisa cha Nabii Yusuf (AS) atautambua ugonjwa huo mara moja. Mzazi na aongeze neno moja tu: majini wa kitabuni si dalili ya itikadi.

Riwaya iliyonikalisha muda mrefu zaidi ni ya tatu, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, ambayo ni riwaya ya maisha ya jamii. Rehema anazaliwa na rangi nyeusi kuliko wazazi wake. Baba yake, Fuad, anamtilia shaka mkewe. Kutokana na shaka hiyo moja mama anadhalilika hadi anafariki, na binti anakulia katika mateso ya mama wa kambo, anatoroka, na dunia inampokea vibaya.

Nilipokuwa nikisoma nilimkumbuka yule Bedui aliyemwendea Mtume (SAW), akasema kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume (SAW) alimuuliza kuhusu ngamia zake: wana rangi gani, na je, hakuna mwenye rangi tofauti miongoni mwao? Bedui akakiri kuwa wapo, labda wamevuta asili ya nyuma. Akaambiwa kuwa huenda na mtoto wake amevuta asili yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Niliisoma chuoni katika mlango wa nasaba na liani, na nikaijibia mtihani. Lakini hukumu ile inalinda nini hasa? Inamlinda mtoto mwenye jina, njaa na machozi. Rehema ni mtu wa kubuni. Akina Rehema wanaotiliwa shaka kwa sababu ya rangi wamo katika koo zetu, na baadhi yao hupokonywa haki zao baba anapofariki.

Ya mwisho, riwaya ya kihistoria, ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis ameitia katika Kiswahili. Mvulana aitwaye Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Majina hayo hayakuchaguliwa bure. Kitabu kinatutazamisha biashara ya misafara ya mababu zetu kwa jicho la mtoto aliyewekwa rehani, na swali linabaki kwetu: amana ya mtoto ni ya nani?

Rai niliyoiwasilisha kwa kamati ni hii. Riwaya zipokelewe, ziwe na rafu yake, mbali na vitabu vya Hadithi na Sira. Mwalimu azisome kwanza. Mbili za mwanzo zifae wanafunzi wote wanaojua kusoma vizuri. Mbili za mwisho, ambazo hazikwepi kutaja uchafu wa dunia, wapewe wakubwa. Kisomo kisile wakati wa swala wala wa Qur'ani.

Kwenu wazazi, nawaomba jambo moja: msikataze kitabu msichokifungua, wala msikiruhusu msichokifungua. Someni pamoja na watoto wenu, kisha muulizeni mtoto: nani kadhulumiwa hapa, na wewe ungefanya nini? Jibu lake litakuonesha malezi yako yamefika wapi.

Mzee mmoja kati ya wale wawili bado hajaridhika, na kikao kijacho kitamsikiliza. Hata hivyo ameiazima Nyota ya Rehema, ili apinge kwa hoja.

Wabillahi tawfiq.