UZEE WA MKULIMA NA SHILINGI 30,000

Ndugu wanaushirika,

Katika mkutano wa juzi lilizuka neno la akiba ya uzeeni, likazimwa na kelele. Wengine mlisema pensheni ni ya walimu na watu wa ofisini. Si kweli hata kidogo. Tangu mifuko ilipounganishwa kwa sheria ya mwaka 2018, NSSF ndiyo yenye kazi ya kuwaandikisha watu wa sekta binafsi na sisi tuliojiajiri, mkulima, bodaboda, hata mama wa sokoni Tunduma. Kiwango cha chini ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 360,000.

Kule Marekani serikali huweka kikomo cha juu. Mwaka 2025 mtu hakuruhusiwa kuzidisha dola 7,000 katika akaunti yake ya uzeeni, ila aliyefikisha miaka 50 aliongezewa 1,000, maana kachelewa. Wenzetu wanazuiwa wasizidishe! Sisi kinachotukaba ni kile cha chini. Kahawa yetu hailipi kila mwezi. Fedha huja kwa msimu, na ikifika ina wenyewe: ada, mbolea, deni la dukani.

Sasa wapo wanaotaka ushirika umkate kila mwanachama kwa lazima. Mimi nakataa, hata mkisema katibu anapinga maendeleo. Mjane mwenye miche mia mbili hawezi kukatwa sawa na mwenye ekari kumi. Tukate kwa hiari, siku ya malipo ya kahawa, michango ya miezi kadhaa kwa mpigo, na mwenyewe akabidhiwe stakabadhi mkononi aisome. Asiyejua kusoma aje darasani. Mimi nami nilisomea humo humo nikiwa mtu mzima, hakuna aibu.

Lakini jamani, tuhesabu. Pensheni ya kila mwezi yataka michango ya miezi 180, ndiyo miaka 15. Asiyefikisha hulipwa mkupuo, basi. Mimi nimeshapita hamsini, nikianza leo nitamaliza nikiwa na fimbo. Kijana wa miaka 25 angemaliza akiwa na 40, na ndiye anayesema bado mapema! Zanzibar tangu mwaka 2016 mzee wa miaka 70 hupewa pensheni bila kuchangia. Mkulima wa huku hana hiyo.

Jumatano jioni nitakuwa ghalani na daftari. Anayetaka aje na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwenye hoja ya kunipinga naye aje.

Katibu wa Chama, Tawi