Buku ya kusikiliza iingie ku masomo

Sisi bazazi wa Likasi tumezoea kusema: mutoto hapendi kusoma. Lakini buku atapata wapi? Tangu masomo ya msingi kuwa bure, mwaka 2019, kalasi zimejaa, buku moja inapita mikono mingi.

Njia iko. Kolibri, programu ya bure, inawekwa ndani ya mashine kidogo ku masomo. Telefone inachukua buku kwa wifi ya pale pale, bila kununua mega hata moja, na mutoto anaenda nayo nyumbani. African Storybook nayo iko na hadithi za bure za Kiswahili. Mwaka 2014, Bibliothèques Sans Frontières ilipeleka masanduku ya Ideas Box ku kambi za wakimbizi wa Kongo kule Burundi. Likasi inashindwa na nini? Umeme? Mashine ile inakula kidogo, betri na paneli ya jua vinatosha.

Zaidi tunataka buku za sauti. Baba anatoka mu mine asubuhi, macho imechoka. Mama wengine hawakupata kusoma. Wote wanaweza kusikiliza pamoja na mutoto. Telefone tuko nazo, zinapiga muziki tu.

Ku mukutano ya bazazi, mbele ya kubishana juu ya iniforme, tuulize directeur: hii mashine, lini?